Chukudu Haikuundwa Kupanda Mlima

Chukudu ni chombo cha kuteremkia. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, umemjengea mwendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu, nami naipenda, ila sanamu haina safari ya kurudi nyumbani. Sisi tuliobeba viazi vya milima ya Masisi tulikuwa nayo, na huko kurudi ndiko kulikotuvunja mgongo.

Wazee wa kazi hii husema ilishika miaka ya 1970, enzi ya Zaire. Mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa raia. Mengi yalikufa mikononi mwa wenyewe wapya, na malori yakakosa vipuri. Milima haikujali siasa, iliendelea kuzaa. Tangu 1937 Wabelgiji walikuwa wameleta familia kutoka Rwanda na kuzipa ardhi Gishari, na Masisi ikajaa mashamba na ng'ombe. Basi chakula kilikuwa juu, soko lilikuwa chini kando ya Ziwa Kivu, na katikati palikuwa na mteremko wa bure. Mikaratusi nayo haikukosekana. Aliyeunganisha hayo manne kwanza hakuandikwa jina popote.

Nielezee chombo chenyewe, maana wengi wamekiona pichani tu. Mwili ni boriti nzito ya mkaratusi, ndefu kupita mtu. Usukani ni mti. Magurudumu mawili ni ya mbao, yamevishwa mpira wa gari uliochakaa, na ndani ya kitovu mna rulma, yaani beringi. Unapiga goti moja juu ya kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari, na mguu wa pili unasukuma ardhi. Breki ni ukanda wa mpira unaokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kilo 400 si mzigo wa kushangaza. Baba mdogo, ndiye aliyenifundisha, hakuangalia magurudumu kamwe kabla ya safari, aliangalia ule ukanda tu.

Tuliondoka Mushaki, huko juu Masisi, gizani ili tufike Goma soko likiwa bado na watu. Kuelekea Sake mwendo ni wa kasi, na mpira wa breki ukipata moto hata mwenzako wa nyuma anaunusa. Mvua ikinyesha usiku, udongo unakuwa sabuni. Hapo hupandi chombo. Unashuka, unakikumbatia na kukizuia kwa miguu, kilo zote zikikusukuma kisogoni. Wapo waliovunjika miguu kwenye kona zile, na viazi vyao vilifika Goma kwa mabega ya wengine.

Sake mteremko unakwisha, zabaki kilomita 27 hadi Goma. Barabara inakatiza mawe meusi ambayo volkano ya Nyamulagira iliyatapika kati ya 1938 na 1940 hadi yakaingia ziwani. Jua likiyapiga, joto linapanda kutoka chini. Unasukuma. Na kila baada ya mwendo kulikuwa na kamba ya kizuizi imevutwa njiani, na kila mwenye bunduki alikuwa na bei yake.

Ukishauza, unageuka. Chukudu tupu ni mzigo wenyewe, na toka Sake kwenda juu hakuna kinachokusaidia. Vijana hushika nyuma ya lori linalopanda polepole, wakining'inia na chombo chao, na dereva akihisi hukanyaga breki kwa makusudi. Mimi nilisukuma. Mvua ya alasiri ilinikuta karibu kila mara nusu ya mlima, na mapaja yalitetemeka hata baada ya kula.

Upande wa pili wa wilaya yetu chukudu haina kazi. Ukipita Nyabiondo kuelekea Walikale, nchi inashuka chini ya mita 1000, msitu unafunga, matope yanameza gurudumu la mbao. Huko wanasukuma baiskeli, au wanabeba mgongoni. Machimbo ya kasiteriti, madini ya bati, ya Bisie yalipochangamka, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wabebaji walitembea siku mbili msituni na kilo 50 mgongoni hadi Njingala. Kisha ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo na kuchukua magunia hadi Goma. Jiwe la Walikale liliruka juu ya vichwa vyetu, na viazi vya Masisi vikaendelea kuteremka juu ya mti. Hata leo sioni barabara iliyojengwa kwa sababu ya viazi.

Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipofunika sehemu ya mji wa Goma, chukudu zilihamisha vitanda, masufuria na wagonjwa. Februari 2024 vita vilipofunga njia ya Sake, zilikwama zenyewe, na Goma ikala kwa bei ya juu. Sasa vijana wengi wanataka pikipiki, na siwalaumu, maana pikipiki inapanda Mushaki bila mapaja kutetemeka. Ila haijabeba kilo 400, na petroli ikipanda bei mwenyewe anaiegesha, anakuja kuniuliza kama bado nina boriti kavu.