Mzizi wa Neno Mbele ya Mfalme: Teknolojia na Ulinganishaji wa Riwaya Mbili katika Shule ya Msingi

Mwalimu akiwaambia wanafunzi wa darasa la saba walinganishe riwaya mbili, jibu la kwanza huwa orodha: zote zina mfalme, zote zina safari, zote zinafundisha maadili. Orodha hiyo haina kosa, lakini hata asiyefungua kitabu anaweza kuitunga. Makala haya yanajenga hoja kwamba teknolojia humfaa mtoto katika kazi hii pale inapomrudisha kwenye maneno yenyewe ya kitabu. Ikimwondolea haja ya kurudi huko, humharibia somo.

Tutumie Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952), zote za Shaaban Robert. Katika riwaya ya kwanza, Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria katika nchi iliyoko angani. Anajitetea kwa siku sita, akisimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Katika ya pili, Adili, mtawala wa Janibu, anatakiwa na Mfalme Rai aeleze kwa nini huwachapa manyani wawili kila usiku. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu ya uovu waliomtendea.

Zana inayopendwa sana madarasani ni mchoro wa duara mbili zinazokatana, unaohusishwa na mwanamantiki Mwingereza John Venn, aliyeueleza mwaka 1880. Siku hizi mtoto anaweza kuuchora kwenye tableti na kuburuta maneno kwa kidole. Udhaifu wake haukuondoka kwa kuhamia kwenye kioo. Neno "mfalme" huwekwa katikati na mjadala hufungwa, ilhali ulinganishaji wa fasihi huanzia hapo hapo: mfalme huyu anafanya kazi gani katika kisa hiki, na yule katika kile?

Njia yenye tija zaidi ni utafutaji wa maneno. Mwalimu huchapa kwenye kompyuta vifungu alivyochagua kutoka kila riwaya, kisha wanafunzi huvipekua. Hapa Kiswahili chenyewe kinakuwa mwalimu wa pili. Mtoto akitafuta "kupiga" hatapata "alipigwa" wala "wakampiga". Inambidi atafute mzizi -pig-. Akiupata, mashine itamletea pia "piga magoti" na "piga hodi", ambako hakuna aliyeumizwa. Kuchambua kipi ni kipigo na kipi ni nahau ni kazi yake, na tayari ni usomaji wa makini. Mzizi -sem- una funzo jingine: msimulizi anaweza kutumia "akanena", "akajibu" au "akamwambia", na mashine haitaonyesha hata kimoja. Mwanafunzi anajifunza kwamba kilichokosekana kwenye kioo huenda kimo kitabuni.

Matokeo huingizwa kwenye jedwali la safu nne: nani anasema, anamwambia nani, ukurasa wa ngapi, na nani yupo lakini hasemi. Safu ya nne ndiyo yenye mavuno. Katika Kusadikika, anayesimulia ni mshtakiwa mwenyewe. Katika Adili na Nduguze, walioadhibiwa wako katika umbo la manyani, na kisa chao kinasimuliwa na ndugu aliyekuwa akiwachapa. Adili naye ametakiwa ajieleze, kwa hiyo ni mdhulumiwa na mtuhumiwa kwa pamoja. Je, tungewahukumu vipi Hasidi na Mwivu kama wangepewa siku sita kama Karama? Swali hilo halina nafasi ndani ya duara, na mtoto wa miaka kumi na mitatu ana uwezo kamili wa kulibishania.

Wapo watakaosema kwamba programu za akili mnemba hutoa ulinganisho mzima kwa sekunde chache, hivyo jedwali ni kupoteza muda. Muda huo ndio somo. Mtoto anayeanza na jibu la mashine hana cha kulipimia, hata likiwa na kosa la wazi. Tugeuze mpangilio: jedwali likishajaa, darasa lisome jibu la programu na kulidai ukurasa kwa kila dai. Hapo mashine inakuwa mwanafunzi mmoja zaidi anayehojiwa na wenzake.

Pingamizi la pili ni uhaba wa vifaa. Nchini Kenya, ahadi ya kompyuta kwa wanafunzi wa darasa la kwanza ilitolewa mwaka 2013, na vifaa vikaanza kufika shuleni mwaka 2016. Sehemu kubwa ya mjadala ilihusu idadi na gharama, si kazi ambayo mtoto angepewa. Zoezi hili linahitaji kompyuta moja na projekta, au hata simu ya mwalimu. Kikundi kimoja kinapekua, vingine vinahakiki kwenye nakala za karatasi, kisha vinabadilishana zamu.

Linalobaki ni utahini. Tukiendelea kutoa alama kwa idadi ya mfanano na tofauti, wanafunzi wataendelea kutuletea orodha, ziwe za kalamu au za kompyuta. Alama ziende kwa dai moja lenye ukurasa wake, ambalo mwanafunzi amelitetea mbele ya mwenzake aliyefungua ukurasa huohuo na kusoma vingine.