Kuta za Kariakoo: Nani Atazisoma?

Siku ukishuka Kariakoo usikimbilie kutazama bidhaa. Najua si rahisi, maana mjini shule na ukizubaa unauziwa viatu vya mguu mmoja. Lakini shika mfuko wako vizuri, kaa pembeni ya njia, kisha inua macho uzitazame kuta.

Kuta za pale zinasema. Moja inakukataza kukojoa na kukutajia faini. Nyingine imeandikwa kwa herufi kubwa NYUMBA HII HAIUZWI, nawe unaelewa kuwa humo ndani kuna urithi unaogombewa, au kuna tapeli alishapita na hati ya kughushi. Ukikuta alama ya X kwa rangi nyekundu, huhitaji mkalimani. Hiyo ni bomoabomoa.

Halafu kuna kuta za wachoraji. Kichwa cha kijana aliyenyolewa panki kando ya mlango wa kinyozi, au cherehani na gauni kwa fundi nguo. Mimi nilijifunza kusoma kwenye kuta hizo kabla ya kufika darasa la kwanza. Aliyenifundisha ni baba mdogo wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuzichora. Yeye na ngazi yake, brashi tatu na makopo ya rangi ya mafuta.

Sasa tuingie kwenye historia, maana Kariakoo yenyewe ni jina lililobaki mdomoni baada ya wenyewe kufa. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, na eneo hili likawa kambi ya wapagazi wao. Kikosi hicho kiliitwa "Carrier Corps". Watu wetu wakalilainisha jina kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Jirani zetu wa Nairobi nao wana Kariokor yao, iliyotokana na kikosi hicho hicho. Wapagazi walibeba risasi na unga kwa mabega, porini, mvua na jua. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi bali njaa na maradhi.

Mwaka 1927 wakoloni walisimamisha pale katikati ya mji sanamu ya Askari, shaba tupu, bunduki mkononi. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini kwa jumla tu. Jina la mtu mmoja mmoja hakuna.

Hebu rudi Kariakoo usome vibao vya mitaa. Narung'ombe. Tandamti. Mahiwa. Wangapi wanaotafuta vitenge hapo wanajua kwamba hayo ni majina ya mapigano ya mwaka 1917, huko kusini, kwenye nchi ya Lindi na Kilwa? Nilimaliza kidato cha nne bila kulijua hilo. Nilikuwa nikijua tu mtaa upi una simu za bei nafuu.

Na kusini huko huko ndiko uchoraji wa ukutani una mizizi mirefu. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alisafiri sehemu hizo akakuta nyumba za udongo zimechorwa watu na wanyama ukutani, akayaandika hayo kitabuni. Edward Saidi Tingatinga naye alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akauza kule Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu. Alichora miaka minne tu, lakini leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Nimejiuliza sana: kwa nini Tingatinga anakumbukwa na mchoraji wa kinyozi hakumbukwi? Jibu nililolipata ni dogo, lakini linaniuma. Ubao unabebeka. Mzungu anaununua, anapanda nao ndege, anautundika sebuleni kwake. Ukuta haubebeki. Ukuta ukianguka, mchoro unaanguka nao.

Na kuta zinaanguka kweli. Tangu miaka ya 1990 nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zile za chumba huku na chumba huku na ukumbi katikati, zimekuwa zikipisha maghorofa. Hata soko kuu halikupona. Jengo hilo lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake ni kama miavuli iliyopinduliwa ili ikinge mvua. Julai 2021 liliungua moto. Kwa wachoraji kulikuja balaa lingine: mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine. Bango linatoka kwa nusu saa, na halina haja ya ngazi.

Ukuta wa mwisho wa baba mdogo ulikuwa wa kinyozi, vichwa sita kwa mstari. Kwanza kampuni moja ilikuja ikapaka ukuta wote rangi yake ya matangazo. Mwaka uliofuata nyumba yenyewe ikavunjwa. Nilikwenda kumpa habari.

"Ulipiga picha?" akaniuliza.

"Sikupiga, baba mdogo."

"Na simu unayo."

Hakusema zaidi. Aliendelea kunywa chai yake, nami nikatamani ardhi inimeze.

Ndiyo maana nimeandika makala hii. Nataka kuwa mwandishi wa riwaya, na siku zote nilidhani hadithi kubwa ziko mbali. Kumbe nimezipita kila siku nikienda kununua vocha. Sasa nina daftari. Kila Jumapili, maduka mengi yakiwa yamefungwa, natembea mtaa mmoja nikinakili kilichoandikwa na kilichochorwa ukutani, na nikimpata aliyechora naandika jina lake. Nilianza na Mahiwa. Wapagazi waliokufa huko, wengi wao majina yao hayakuhifadhiwa, na wao sitawapata tena. Wachoraji bado baadhi yao wapo hai. Wewe mwenzangu mwenye kalamu, chukua mtaa wako.