Bega linalouma baada ya chanjo: namna sheria ya Marekani ilivyolitambua

Mkono kuuma siku moja ao mbili baada ya chanjo ni jambo la kawaida. Lakini kuna watu wachache ambao bega linakataa kuinuka kwa miezi mingi. Kuvaa shati tu inakuwa taabu. Nchini Marekani, mtu wa namna hiyo anaweza kudai malipo kwa sheria. Haki hiyo haikupatikana siku moja.

Ilianzia kwa watoto. Miaka ya 1980, wazazi wengi walishitaki viwanda vya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Viwanda vikaogopa kesi, na mwisho wa 1984 kilibaki kimoja tu kilichoitengeneza nchini humo. Bunge likapitisha sheria mwaka 1986, na mfuko wa malipo ukaanza kazi mwaka 1988. Unajazwa na kodi ya senti 75 za dola kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi moja. Mwenye kudai halazimishwi kuonyesha kosa la mtu.

Bega lilichelewa kuingia. Mwaka 2010, waganga waliochunguza madai ya mfuko huo walieleza wagonjwa 13. Walionyesha kwamba sindano ikichomwa juu mno, dawa inaweza kuingia ndani ya kiungo badala ya msuli, na kiungo kinavimba. Mwaka 2017 jeraha hilo likaandikwa kwenye orodha: maumivu yawe yameanza ndani ya saa 48. Kwa kawaida yawe yamepita miezi 6, na dai lifike mbele ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza.

Mwezi wa kwanza 2021, serikali ilitoa amri ya kuliondoa bega kwenye orodha. Ilisema kosa ni la mkono uliochoma, si la chanjo. Mwezi wa nne, serikali mpya ikaifuta amri hiyo. Kwa mtu asiyeweza kuinua mkono, tofauti hiyo haipunguzi maumivu. Alichomwa kwa faida ya wote. Ni haki wote wamsaidie.

Na sisi Kongo? Mwaka 2021, chanjo za Covid zilizoletwa na COVAX zilikuja na mfuko wa malipo kwa nchi 92, yetu ikiwa ndani. Ulikuwa wa walioumia vikali na kubaki na kilema, ao familia za waliokufa. Chanjo zingine haukuzigusa.

Hizi si sababu za kukimbia chanjo. Nchi inayolipa walioumia inalinda imani ya watu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukichanjwa acha bega wazi lote, na tunza kadi yenye tarehe. Maumivu yakikawia, rudi kituo cha afya, waandike siku yalipoanza. Pasipo karatasi, haki ni ngumu kudai.