Hiyo Neti Mmezungushia Sukuma Ina Historia

Wasee, tembea Kakamega, kutoka Lurambi hadi Shinyalu, hukosi kuona neti ya mbu imezungushiwa sukuma ndio kuku wasidonoe. Tunacheka tu. Lakini hiyo neti ilipiganiwa. Mimi chuo niliacha, kusoma sikuacha, so keti hapa kidogo.

1955, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza vita ya kumaliza malaria ulimwenguni, silaha kubwa ikiwa DDT. Ulimwenguni wapi? Sehemu kubwa ya Afrika yetu iliachwa nje. 1969 mpango ukakunjwa. Ulaya ikapona, sisi tukabaki na klorokwini. Nayo malaria ikaizoea, hadi 1998 Kenya ikaitupa na kuhamia Fansidar. Hiyo pia ikachoka. 2006 ndio dawa mseto tunazomeza leo zikaanza kufika hosi za serikali.

Sasa, neti. Kulikuwa na wataalamu walioamini kitu cha bure mtu hakithamini, eti lazima mama alipe hata kidogo. 2006 Kenya ikagawa neti kama milioni 3.4 bure kwa watoto wadogo, na mwaka uliofuata WHO ikasema neti zitolewe bure au karibu bure. Halafu 2010 Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakachapisha utafiti uliofanywa kliniki za wajawazito huku huku Magharibi. Shilingi 40 tu ilifanya kina mama wengi warudi nyumbani bila neti. Na waliopewa bure? Walizilalia sawa tu na walionunua. Kumbe shida haikuwa dharau, ilikuwa mfuko.

Septemba 2019 chanjo ya malaria ikazinduliwa Homa Bay, na Kakamega ikawa kati ya kaunti nane za kwanza. Watoto wetu wakadungwa dozi nne, sawa na wenzao wa Ghana na Malawi. Oktoba 2021 WHO ikaipitisha. Yaani dunia ilijifunza kupitia mikono ya watoto wa huku.

Ndio maana naskia vibaya mtu akisema tumekuwa tukisaidiwa tu. Mwili tulitoa, ushahidi tulitoa. Kitu hatujatoa ni doo. 2001 marais wa Afrika waliketi Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya. Kenya haijafika. Halafu Januari 2025 Marekani ikafunga mfereji wa misaada, na ghafla kila mtu anauliza vipimo na dawa vitatoka wapi.

Neti ikishachakaa, zungushia sukuma, hakuna noma. Lakini 2027 mwanasiasa akikuja mtaani na kofia na leso, muulize swali moja tu: ile asilimia 15 iko wapi?