Siku Moja Mbamba Bay: Bandari Iliyosubiri Barabara Karne Nzima

Agosti 13, 1914, meli ya kivita ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliingia kimyakimya katika ghuba ya Sphinxhafen, upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Juu ya chelezo, ikiwa katika matengenezo, ilikuwapo Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani. Nahodha Rhoades akaamuru mzinga upigwe. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliyezoea kunywa pamoja na Rhoades, alirukia mashua ndogo akaja akifoka na kumuuliza mwenzake kama amelewa. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Akachukuliwa mateka papo hapo, na magazeti ya London yakatangaza ushindi wa majini.

Sphinxhafen ndiyo Liuli ya leo, katika Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Kusini yake iko Mbamba Bay, mji wa bandari na makao makuu ya wilaya hiyo iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mbinga. Siku hizi mtu anaweza kuamka Peramiho, akala samaki Mbamba Bay mchana, na usiku akalala kwake. Babu yake asingeliweza hilo. Ziwa halikuwahi kupungukiwa maji wala vyombo. Kilichokosekana ni njia ya kulifikia kutoka nchi kavu, na upungufu huo ndio uliopanga maisha ya bandari hii.

Asubuhi: Peramiho hadi Mbinga

Safari nzuri ianzie Peramiho kwenyewe, kilomita 24 hivi kutoka Songea mjini. Misheni hii ilianzishwa mwaka 1898 na Padri Cassian Spiss wa Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia. Zama hizo mlango wa Ungoni, nchi ya Wangoni, ulikuwa Bahari ya Hindi: watu na barua walipitia Lindi au Kilwa, na mizigo ilisafiri vichwani mwa wapagazi kwa majuma kadhaa. Njia hiyo ilikuwa na hatari zake. Agosti 1905, Spiss, ambaye tayari alikuwa askofu, aliuawa karibu na Liwale akiwa safarini kutoka Kilwa kuja Peramiho, Vita vya Majimaji vikiwa vimewaka. Mwezi uliofuata Wangoni waliichoma moto misheni yake.

Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kikali. Februari 27, 1906, Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, alinyongwa Songea pamoja na wenzake zaidi ya 60, na siku chache baadaye ikafika zamu ya Nduna Songea Mbano. Anayetaka kuyafuatilia hayo atenge siku nyingine kwa Makumbusho ya Majimaji, Songea. Kwa safari ya leo inatosha kuingia katika kanisa kubwa la abasia lililojengwa miaka ya 1940, kupita nje ya Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, kisha kushika njia ya magharibi kabla jua halijapanda.

Kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kilitiwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, chini ya mkataba wa 2008 hadi 2013. Njiani iko Kigonsera, misheni ya mwaka 1899. Katika seminari yake alisoma kijana kutoka Lupaso, Masasi, aliyeitwa Benjamin Mkapa. Nusu karne baadaye, mwaka 2004, akiwa Rais, Tanzania ilitia saini na Msumbiji, Malawi na Zambia makubaliano ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara: barabara, reli na bandari za kuunganisha Bahari ya Hindi na Ziwa Nyasa. Mwisho wa ukanda huo upande wa ziwa ni Mbamba Bay.

Kwenye kipande hiki mgeni atapishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Yatazame yanakoelekea. Makaa hayo yanachimbwa wilayani Mbinga, jirani na ziwa, lakini mengi yanalipa ziwa kisogo na kusafiri zaidi ya kilomita 650 hadi bandari ya Mtwara.

Umatengo na mteremko

Kabla ya kushuka ziwani, simama Umatengo utazame mashamba ya ngoro. Wamatengo walisukumwa milimani na mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, na huko wakaimarisha kilimo cha mashimo. Nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo ukafunika juu yake, na katikati pakabaki shimo. Mvua ikinyesha maji hutuama humo badala ya kukimbia na udongo, na mahindi na maharage huota kwenye kingo. Kahawa ilikuja baadaye, ikawa ndiyo inayojenga nyumba na kulipa ada za shule.

Kutoka Mbinga zimebaki kilomita 66 hivi. Kipande hiki ndicho kilichoitenga Mbamba Bay muda mrefu kuliko vingine. Barabara ya vumbi ilizunguka mlima kona baada ya kona, na masika ikigeuka utelezi, malori yakilala njiani na mizigo yake. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Dereva aende taratibu, kwa sababu mteremko ni mkali, na ziwa likijitokeza mbele macho huiacha barabara.

Mchana: mwaloni na mezani

Mbamba Bay ni mji mdogo na hauhitaji ramani. Anzia mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Usipa, yaani dagaa wa Nyasa, huanikwa juani kisha husafirishwa kwenda Mbinga, Songea na mbali zaidi. Kwa chakula cha mchana ulizia mbasa au perege kwa ugali wa muhogo. Ukishashiba, ufukwe uko wazi: mchanga mweupe, mawe makubwa majini, na upande wa pili Malawi, ambako bandari ya Nkhata Bay inatazamana na hii.

Ukibahatika kukuta sherehe, ngoma itakayokushika ni mganda. Wanaume hujipanga safu kama askari, hupuliza vibuyu vinavyotoa sauti ya tarumbeta na kutembea kwa hatua zilizopimwa. Ilizaliwa pande zote za ziwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wakiiga gwaride na bendi za jeshi la King's African Rifles. Wanawake wana yao, kioda. Vita vya wageni viliacha mwambao huu ngoma, na ngoma imedumu kuliko meli zote mbili za mwaka 1914.

Mwenye gari na saa za ziada apande kaskazini hadi Liuli. Atauona mwamba uliowakumbusha Wajerumani sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, ndiyo maana ya jina Sphinxhafen, na hospitali ya Mtakatifu Anna ya Waanglikana, matunda ya misheni iliyokuwa na kitovu chake kisiwani Likoma. Waingereza walirudi kuishambulia ghuba hii Mei 1915. Hermann von Wissmann iliishia mikononi mwao, ikapewa jina jipya.

Bandari inasubiri mzigo

Baada ya Uhuru, Mbamba Bay ilikuwa kituo cha mwisho cha meli kutoka Itungi, Kyela. MV Songea na MV Iringa zilibeba abiria na mahindi kwenye vijiji visivyo na barabara. Mwaka 2017 zikaja MV Njombe na MV Ruvuma, meli za shehena za tani 1,000 kila moja, kisha MV Mbeya II ya abiria mwaka 2021. Septemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la upanuzi wa bandari, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 70. Reli ya kutoka Mtwara bado iko kwenye mipango.

Lakini gati jipya halitajipatia mzigo lenyewe. Lami iliyomrahisishia mgeni kuja ndiyo hiyo hiyo inayopandisha usipa na kahawa kwenda mashariki bila kugusa meli. Bandari itapata kazi yake ya kweli siku ambayo saruji, mbolea na mafuta yanayokwenda Malawi vitashushwa Mtwara na kuvushwa hapa hadi Nkhata Bay. Hiyo ni biashara ya nchi mbili ambazo bado hazijakubaliana mpaka wao upite wapi ziwani. Kwa hiyo mgeni wa siku moja, kabla ya kupanda mlima kurudi Peramiho saa tisa alasiri, apite gatini na kuuliza swali moja tu: leo imeingia meli gani, na imebeba nini? Jibu lake litamweleza zaidi hali ya Ukanda wa Mtwara kuliko hotuba yoyote.