Ushupavu wa Mbwa Mbele ya Ngiri

Wasasi wa nguruwe wa kusini mwa Marekani wakimsifu mbwa husema ana grit. Maana ya msingi ya neno hilo ni changarawe. Kwa mbwa, ni ile hali ya kurudi kumkabili nguruwe hata baada ya kuonja jino lake. Wepesi wa kutafsiri husema "ukali", na hapo hukosea. Mbwa mkali anayewararulia wageni suruali katika mitaa ya Musoma anaweza kufyata mkia mbele ya ngiri. "Ujasiri" unakaribia, ila wapo majasiri wa mara moja tu. Mimi nashika ushupavu.

Mkoani Mara, mtahini wa ushupavu huo ni ngiri. Akifukuzwa huingia shimoni kinyumenyume, uso ukibaki mlangoni. Meno marefu yaliyopinda juu ndiyo yanayoogopesha, lakini yanayopasua ni yale mafupi ya chini, maana hunolewa na ya juu kila afungapo mdomo. Mbwa akijitosa kichwakichwa hupasuliwa bega au shingo. Basi mkague makovu: ya kifuani ni ya aliyesimama, ya mapajani mara nyingi ni ya aliyegeuka. Mtoto wa mbwa hufuatana kwanza na mzoefu. Akijeruhiwa vibaya mapema, huenda asitamani tena harufu ya nguruwe.

Ushupavu ukizidi huua. Nauita papara. Wamarekani wenyewe hutenganisha mbwa wa kubweka, anayemzingira nguruwe bila kumgusa, na wa kukamata, anayemng'ang'ania sikio. Katika mashindano ya kubweka, kama yale ya Winnfield, Louisiana, yaliyoanza 1995, anayemrukia nguruwe na kumng'ata hupunguziwa alama.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 imekataza kuwinda kwa mbwa bila kibali. Kwa hiyo mbwa wa shambani Bunda au Butiama, nguruwe pori wanapofukua mihogo usiku, anatakiwa abweke na asirudi nyuma. Kung'ata si kazi yake.

Upande wa pili, wa kuisimamia sheria hiyo, shirika la uhifadhi la Grumeti Fund lina mbwa wa kunusa nyama pori, pembe za ndovu na risasi. Mbwa wa kazi hiyo hapimwi kwa jino. Hutupiwa mpira kwenye nyasi ndefu, na anayechukuliwa ni yule ambaye bado anautafuta wenzake wakiwa wameshajilaza kivulini.