Kanisa Moja, Sheria Tatu

Kila mjadala wa mapenzi ya jinsia moja unapozuka, vijana Wakatoliki ninaowafundisha hutoa majibu matatu kana kwamba ni moja: imani inakataza, mila inakataza, sheria inakataza. Mwanahistoria hana budi kuuliza matatu hayo yaliunganishwa lini, na nani.

Tuanzie Murusagamba, kata ya Wilaya ya Ngara iliyo mpakani mwa Burundi. Rwanda nayo haiko mbali. Kihangaza cha Ngara kinaelewana na Kirundi na Kinyarwanda, na pande zote tatu Misa ni ile ile. Hadi Vita Kuu ya Kwanza nchi hizo zote zilikuwa chini ya Mjerumani. Baada ya vita Mwingereza alichukua Tanganyika, Mbelgiji akachukua Ruanda-Urundi.

Mwaka 1930 Mwingereza aliweka Kanuni ya Adhabu, ambayo kifungu chake cha 154 kiliadhibu tendo la kimwili "kinyume cha maumbile" kwa kifungo cha hadi miaka 14. Mbelgiji hakuweka kosa la namna hiyo kwa watu wazima walioridhiana. Burundi iliharamisha mahusiano hayo mwaka 2009, kwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Rwanda haijafanya hivyo hadi leo. Tanzania, kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ilipandisha adhabu hadi kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Kanisa moja, lugha za ndugu, sheria tatu. Kilichozitenganisha ni mstari wa wakoloni na maamuzi ya mabunge, wala si katekisimu.

Imani nayo ina historia yake. Wamisionari waliofungua misheni ya Kashozi, Bukoba, mwaka 1892 walitokea Buganda, ambako Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Vijana wetu hufundishwa kwamba mashahidi hao walikataa matakwa ya Kabaka Mwanga. Ni kweli, lakini tusisahau kwamba ni habari ya mtawala aliyetaka kuwashurutisha vijana waliokuwa chini ya mamlaka yake.

Katekisimu ya mwaka 1992 hailegezi fundisho kuhusu matendo yenyewe. Hata hivyo, inaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma, bila ubaguzi usio wa haki. Januari 2023 Papa Fransisko alisema kuwa hivyo si jinai, huku akishikilia kwamba tendo ni dhambi. Januari 2024 maaskofu wa Afrika, kwa tamko lililotiwa saini na Kardinali Fridolin Ambongo, walikataa kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Tamko hilo hilo lilisisitiza utu wao.

Simtaki kijana wa Murusagamba aache fundisho la Kanisa lake. Namtaka alijue lote. Kesho atakuwa mwuguzi, mwalimu au ofisa mtendaji wa kata, na mbele yake atasimama mtu anayeogopa kujieleza. Mwaka 2017 Serikali iliposimamisha huduma za UKIMWI katika vituo vilivyowapokea watu kama hao, hofu hiyo iliongezeka. Anayeogopa kukamatwa hafiki kupimwa, na virusi haviulizi dhehebu la mtu. Dhambi ina kitubio na padri wake. Jinai ina polisi na gereza. Anayevichanganya viwili hivyo asiseme kwamba ameagizwa na Kanisa.